Harufu ya Dari ya Mjomba

Kijana wa dukani alishika kichupa chenye mfuniko wa matundu madogo, kama ya kopo la chumvi, akanisogezea puani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Februari, Scarborough, mashariki mwa Toronto. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, miguu imevimba, na usingizi wa maana nilikuwa sijaupata kwa mwezi wa tatu. Duka lile nililipita kila siku nikitoka kituo cha basi. Siku hiyo niliingia.

Nikavuta pumzi.

Kwanza ilikuja tamu, kama vanila. Ikafuata harufu ya maua, na nyuma ya maua kitu kikali kama mafuta ya taa. Halafu, mahali palipo karibu na koo kuliko pua, ikaja pilipili manga.

Haikuwa ile ya unga wa kopo. Ilikuwa pilipili nzima, iliyoanikwa ikakauka, ikatiwa guniani na kupandishwa darini juu ya jiko la kuni, bati linawaka kwa jua la Januari.

Nilisikia dari ya mjomba, Kinole, milima ya Uluguru.

Sauti na harufu tumezipa kitenzi kimoja, zote tunazisikia. Asubuhi ile niliona lugha ilikuwa na haki, maana harufu ile iliniita kabisa. Machozi yakanilenga mbele ya kijana wa watu. Nikamrudishia kichupa chake, nikatoka bila kununua kitu. Hata asante sidhani kama nilisema.

Kwenye kichupa paliandikwa Pink Kush, jina la aina ya bangi.

## Wiki tano

Nilidhani ingepita. Haikupita. Nilikuwa namgeuza bibi mmoja kitandani saa nane za usiku, nikaisikia. Nachambua mchele, naisikia. Kukumbuka nyumbani nimekuzoea, miaka 16 sasa ya ughaibuni. Kilichonisumbua ni kwamba vitu viwili ambavyo maisha yangu yote nilivitenga vilikuwa vimekutana ndani ya kichupa kimoja.

Bangi kwetu ilikuwa harufu ya kichakani nyuma ya uwanja wa mpira. Mama akiisikia alitushika mikono akaongeza mwendo, hasemi neno. Baadaye ikawa harufu ya msiba wa nyumba yetu, na hapo nitafika.

Dari ya mjomba ilikuwa kinyume chake. Mama alipofariki nilikuwa na miaka 11. Mjomba alikuja kunichukua siku ya pili baada ya arobaini, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba hahitaji kuombwa. Ile nyumba ilikuwa na watoto wengi na kelele nyingi. Nikawa napanda darini na kitabu, najilaza juu ya magunia ya pilipili na karafuu, nalala mpaka niitwe kula.

Sijalala vile tena popote.

Ndiyo maana nilianza kusoma. Nilitaka kujua ndani ya kichupa kile kulikuwa na nini.

## Kilichomo

Harufu ya bangi haitokani na THC. THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964, ndiyo inayolevya, lakini siyo inayonukia. Kinachonukia ni mafuta mepesi yaitwayo terpeni. Mmea huyatengeneza ndani ya vitezi vidogo vinavyosimama juu ya ua jike kama umande wenye gundi. Huyatengeneza kwa ajili ya kujikinga, maana wadudu wengi hawayavumilii. Sisi binadamu tumekuja baadaye na pua zetu.

Nilipoyafuatilia majina niliona nimekuwa nikiishi nayo jikoni. Mirseni imo kwenye mchaichai na kwenye embe. Limoneni ndiyo inayokurukia machoni ukikunja ganda la chungwa. Linaloli imo kwenye rihani, na mbegu za giligilani zimejaa hiyo. Pineni ni ya misonobari. Pink Kush kwa kawaida hupimwa ikakutwa na limoneni, mirseni, linaloli na nyingine moja iitwayo kariofileni. Ipi itangulie hutegemea mkulima, mwanga, siku ya kuvuna na namna ua lilivyokaushwa.

Kariofileni.

Hiyo ndiyo harufu kavu, kama ya mbao, iliyo ndani ya pilipili manga. Imo kwenye karafuu pia, imejificha nyuma ya eujenoli, ile harufu kuu ya karafuu. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba kariofileni hushika kipokezi cha mwilini kiitwacho CB2, kimojawapo cha vipokezi viwili ambavyo THC nayo huvishika. CB2 imekaa zaidi kwenye seli za kinga, na kuishika hakumlevyi mtu. Kinacholevya ni CB1, kilichotapakaa kwenye ubongo, na hicho kariofileni haina habari nacho.

Aya ile niliisoma mara tatu ndani ya basi, nikapitiliza kituo. Pilau ya sikukuu, chai ya asubuhi, kikohozi tulichotibiwa kwa pilipili na asali: vyote vile vilikuwa vinabisha mlango mmoja kati ya milango miwili ambayo bangi huingilia.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile nililipita haraka, sikujua litanirudia. Terpeni nyepesi kama mirseni zina kaboni 10, huruka upesi. Ua likikaa miezi mahali pa joto, nyingi zinakuwa zimeshaondoka. Kariofileni ina kaboni 15, ni nzito kuliko hizo, huchelewa kuondoka. Bangi iliyokaa sana huelekea kunukia majani makavu na pilipili.

(Ule uvundo mkali unaowafanya majirani wafunge madirisha wala si wa terpeni, ingawa kwa muda mrefu ulidhaniwa hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa California walionyesha kuwa chanzo chake kikubwa ni misombo ya salfa, ndugu wa ile ya kitunguu saumu, iliyomo kwa kiasi kidogo mno. Tone lake moja linashinda bustani nzima ya maua.)

## "Ya kutuliza"

Mwishoni mwa Machi nilirudi dukani. Kijana alinikumbuka, akawa na adabu ya kutoniuliza kilichonipata.

"Hii ni indica," alisema. "Ya kutuliza. Ya kulalia."

Kwenye pakiti hapakuwa na maneno hayo. Sheria iliyofungua biashara hii Kanada tarehe 17 Oktoba 2018 haimruhusu muuzaji kuahidi tiba. Palikuwa na alama nyekundu ya THC, onyo ndani ya boksi la njano, na tarakimu: THC asilimia 23, terpeni asilimia 2.4. Nilinunua gramu moja, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikatembea kama niliyeiba.

Neno lile nililibeba nalo. Kutuliza. Nani amethibitisha?

Indica ni jina alilolitoa Lamarck, Mfaransa, mwaka 1785, kwa mimea iliyotoka India, akiitofautisha na sativa ambayo Linnaeus aliiandika mwaka 1753. Lilikuwa jina la mmea ulivyo shambani, halikuwa na ahadi yoyote ya usingizi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, hapa hapa Kanada, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walichapisha vipimo vya sampuli karibu 300 zenye lebo za indica na sativa. Kinasaba, lebo hazikueleza jambo kubwa. Kilichojitokeza ni harufu: zilizoitwa indica zilielekea kuwa na mirseni zaidi na terpeni nyingine chache zenye harufu ya udongo. Naelewa hivi: watu walinusa kwanza, wakaandika jina baadaye.

Hata hii Kush yenyewe. Inasemekana ni ya ukoo wa OG Kush, aina nyingine ya bangi, lakini waliozichanganya mbegu hizi walifanya kazi kwa kujificha, na mtu anayejificha haandiki daftari. Jina Kush ni la milima ya Hindu Kush, huko Afghanistan na Pakistan. Nyumbani nako wavutaji husema "cha Arusha", na aliyekivuta anaridhika na jina kabla hajajua kililimwa wapi.

Mitandaoni utaambiwa mirseni ikivuka asilimia 0.5 mvutaji anaganda kwenye kochi. Namba hiyo inazunguka tu, haina utafiti wa watu nyuma yake. Kinachotajwa sana ni kazi ya Wabrazili ya mwaka 2002, ambako panya waliopewa mirseni kwa kipimo kikubwa mno walilala muda mrefu zaidi, na panya wale walipewa pia dawa ya usingizi. Wazo kwamba vitu vya ndani ya mmea husaidiana kazi lina jina la kitaalamu lililotungwa mwaka 1998 kwa vitu vya ndani ya mwili, likahamishiwa kwenye mmea baadaye, na naona wauzaji wamelikimbilia kwa mwendo ambao ushahidi haujaufikia.

Jambo ambalo halina ubishi ni nguvu ya THC. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 ilifika 12. Mfukoni mwangu ilikuwa 23.

## Roshani

Nilikaa na pakiti ile siku nne. Kila usiku niliifungua, nikanusa, nikaifunga.

Na siku hizo nne nililala. Si sana, lakini nililala kuliko wiki zilizotangulia, na nilikuwa sijavuta chochote.

Hapo ndipo shaka ya kwanza iliponiingia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli. Hofu ikapungua bila miguu yao kulegea. Panya walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakupata nafuu ile. Linaloli ilifanya kazi kwa kupitia puani, kwa kusikiwa. Mimi sina ubongo wa panya, na panya hana dari ya mjomba. Lakini nilijiuliza kama kilichokuwa kinanilaza ni kile kilichomo kwenye pakiti au kile kilichomo ndani yangu.

Siku ya tano nikavuta. Nataka niseme wazi: kwa dini niliyolelewa nayo na kwa mila za nyumba ile, halikuwa jambo dogo. Niliomba msamaha kabla, na sijui kama hivyo ndivyo inavyofanywa.

Nilisimama roshani, ghorofa ya saba, baridi inauma masikio. Nikavuta mara mbili.

Dakika za mwanzo hakuna kitu ila koo kukwaruza. Kisha kinywa kikakauka, ulimi ukawa kama kipande cha kitambaa. Joto likaanzia nyuma ya magoti likapanda. Mabega yangu yakashuka, na yaliposhuka ndipo nilipojua kwamba yalikuwa juu miezi yote ile. Mawazo hayakuondoka. Yalipunguza mwendo, yakaja moja moja kama watu wanaoingia kanisani. Nikaingia ndani. Friji ilikuwa inaimba. Nilidhani nimekaa kwenye kiti saa nzima, kumbe dakika 10.

Nililala saa nane mfululizo.

Sikuota. Niliamka nikiwa nimepumzika mwili lakini nina hisia kwamba kuna mtu alipita chumbani hakunisalimu. Baadaye nilisoma kwamba THC hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, na kwamba anayeitumia kwa muda mrefu akiacha, ndoto humrudia kwa fujo. Mama yangu huja ndotoni. Usiku ule hakuja.

## Punje tatu

Usiku wa tatu nilivuta mara sita. Nilikuwa na sababu: bibi mmoja niliyemhudumia miaka miwili alifariki kwenye zamu yangu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nilitaka kutulia upesi.

Moyo ulianza kukimbia nikiwa bado roshani. Nikaingia ndani nikashika ukuta. Mapigo niliyasikia kwenye meno. Nikawa na hakika, hakika kabisa, kwamba ninakufa, na kwamba watakaonikuta watasikia harufu ile na kumpigia mjomba simu kumweleza nilikufaje.

Watu wanaodhani THC hutuliza daima hawajakutana na kipimo kikubwa. Kidogo hutuliza, nyingi hutisha. Ua ni lile lile, pakiti ni ile ile, neno "ya kutuliza" ni lile lile.

Nilikuwa nimesoma kwamba wavutaji wa zamani hutafuna pilipili manga hofu ikiwashika. Ninayo pilipili ya Kinole. Mjomba hunitumia kila akipata msafiri, kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya mafuta. Nikaenda jikoni nikiegemea ukuta. Nikatoa punje tatu. Nikazitafuna polepole.

Ukali ulinishika ulimi, nao ni wa piperini, kitu kingine kabisa. Nyuma yake ikapanda ile harufu kavu. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, natafuna. Nikawaza gunia. Nikawaza bati likilia kwa joto. Nikawaza shangazi, mke wa mjomba, akiita majina yetu mmoja mmoja tushuke kula. Moyo ukarudi mahali pake.

Je, ni kariofileni? Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio la watu 20 waliovuta THC peke yake au pamoja na limoneni. Limoneni ilipoongezwa kwa kipimo cha juu, wasiwasi ulipungua. Hiyo ni ya maganda ya chungwa, si ya pilipili. Kuhusu pilipili tuna kisa cha huyu na kisa cha yule, na sasa changu. Tena muda nao ni tiba: hofu ile hupanda ikashuka, utafune usitafune.

Sikuvuta tena. Robo tatu ya gramu ile bado iko kabatini.

Lakini swali halikuniacha, liligeuka. Nilikuwa nauliza kwa nini bangi ya Toronto inanukia kama dari ya mjomba. Nilikuwa sijauliza upande wa pili.

## Jumapili

Hupiga simu Kinole kila Jumapili, kwangu asubuhi, kwao alasiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huko kumekucha?"

"Kumekucha."

"Unalala siku hizi?"

Hilo huniuliza kila mara, tangu nilipomwambia habari za zamu. Nikasema nalala kidogo. Nikamuuliza habari za mvua, za karafuu, za bei ya pilipili ambayo wachuuzi wanaishusha kila msimu. Kisha nikamuuliza, kama vile nauliza jambo la kupitishia muda: "Mjomba, ile dari zamani tuliweka nini?"

"Pilipili. Karafuu. Mbegu ya mahindi." Akanyamaza. Nilisikia jogoo upande wake. "Na mzigo wa ndugu yako."

Nimeahidi kufika hapa.

Binamu yangu ni mdogo kwangu kwa miaka miwili. Alianza kuvuta akiwa na miaka 14. Sote tulijua baadaye. Kwa wakati ule hakuna aliyesema anajua. Akiwa na miaka 19 alianza kusikia watu wakimsema kutoka kwenye migomba. Akachoma nguo zake. Alipelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena. Utafiti umeshaonyesha kwamba anayeanza mapema na kuvuta mara kwa mara anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya maradhi ya namna hii, na bangi yenye THC nyingi huongeza hatari hiyo. Siwezi kusema bangi peke yake ndiyo iliyomfanya. Upande wa shangazi wamekuwapo wagonjwa wengine. Leo yupo, ana dawa zake, anapalilia pilipili pamoja na baba yake. Kuna siku anaongea, kuna siku haongei.

"Ulijua lini, mjomba?"

"Nilikuwa naisikia," alisema. "Mwaka mzima naisikia. Siku moja nilipanda kugeuza magunia nikakuta kifurushi cha magazeti ndani ya gunia la pilipili. Alikiweka humo ili harufu imezwe. Nikakirudisha."

"Ulikirudisha?"

"Alikuwa ametulia."

Nikanyamaza.

"Wewe unamkumbuka alivyokuwa," akaendelea. "Kila wiki naitwa shuleni. Kapiga mtu, kavunja dirisha. Ghafla mtoto anakaa, anasikiliza, hagombani. Nikasema Mungu amejibu. Nikakifunga kifurushi kama nilivyokikuta, nikashuka. Shangazi yako sikumwambia mpaka leo."

Ana miaka 78. Hajawahi kuniambia jambo lolote kwa sauti ile.

Nyumbani hiyo ndiyo sifa ya juu tunayompa kijana. Ametulia. Binti wa fulani ametulia. Tukishalitamka tunafurahi, tunapumua, hatuulizi ametulizwa na nini. Na mimi kazini, saa kumi za alfajiri, nikishampa mzee dawa yake ya usiku na kelele zikakoma, naandika kwenye daftari la zamu neno lenye maana hiyo hiyo. Nimeliandika mara maelfu. Linanipa nafasi ya kukaa chini.

Ndipo nikarudi kwenye ile aya niliyoipita. Kariofileni ni nzito, inabaki. Kifurushi kilichokaa darini miezi, juu ya moshi, chini ya bati, kikipoteza harufu zake nyepesi moja moja mpaka ikabaki ile inayofanana na pilipili. Nikiwa na miaka 16 nilikuwa nalala kichwa changu kikiwa juu ya magunia yale.

Sikuwa nasikia pilipili peke yake.

Harufu ninayoibeba kifuani kama ndiyo usalama wenyewe, harufu iliyonitoa machozi dukani, huenda nusu yake ilikuwa ya kitu kilichokuwa kinamchukua mdogo wangu, hatua mbili kutoka nilipolala. Nimejaribu kuitenganisha. Nimenusa pilipili peke yake, nimenusa pakiti peke yake, nimefumba macho. Haitenganiki. Zote mbili ni dari, na dari ndiko nilikolala vizuri kuliko popote.

Na nimeshindwa kumlaumu mjomba. Nimejaribu hilo pia. Namwona amepiga magoti kwenye mbao zile, kifurushi mkononi, anasikiliza nyumba iliyonyamaza kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Yupo hapo karibu?" nikauliza.

"Yupo. Leo anaongea."

Simu ikahama mkono. Nikasikia anahema kabla hajasema.

"Dada."

"Mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Huko theluji imeisha?"

"Imeisha. Nina swali la kijinga, unisamehe. Unaikumbuka dari? Ile ya zamani, kabla ya bati jipya?"

"Naikumbuka."

"Ulikuwa unasikia harufu gani kule juu?"

Alifikiri muda mrefu. Jogoo akawika tena. Nilidhani amempa baba yake simu.

"Pilipili," akasema. "Ile nyingine nilishaizoea. Sikuwa naisikia."